Tuwapokee Mashujaa Wetu kwa Majina Yao

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mjini Mtwara mbele ya walimu na watumishi wa umma, katika matayarisho ya Siku ya Mashujaa, Julai 25.)



Mmeniomba nizungumze juu ya Siku ya Mashujaa. Nimeona kwamba nitawapotezea wakati bure kama nikisimama hapa kurudia yale ambayo ninyi wenyewe mnayafundisha darasani kila mwaka. Kwa hiyo nitaanza na kosa. Kosa lenyewe ni langu, na nililifanya hapa hapa Mtwara.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Naliendele, kwenye makaburi ya askari wetu waliokufa Msumbiji, kuandika habari za siku hiyo. Asubuhi ilikuwa na ubaridi, kama ilivyo kawaida ya mwezi wa Julai katika pwani hii wakati kusi inapovuma. Katika watu waliohudhuria nilimwona mzee mmoja aliyevaa koti lililopigwa pasi vizuri, medali mbili kifuani, kofia ameivua na kuishika mkononi. Alisimama mbele ya kaburi moja kwa muda mrefu sana. Sikumsogelea. Nilimpiga picha moja kwa mbali, kisha nikageuka kuwakimbilia viongozi, maana shada la maua lilikuwa karibu kuwekwa. Picha ile ilichapishwa, na chini yake niliandika: "Mmoja wa wazee waliohudhuria akitafakari." Wenzangu waliisifu.

Baada ya mwaka mmoja hivi alinijia mwalimu mmoja, mwanamke kijana, anayefundisha shule ya msingi katika vijiji vya kando ya Ruvuma. Alikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, hata wino ulikuwa umefutika kwenye mikunjo. Akanieleza kwamba yule mzee alikuwa babu yake, kwamba amekwisha fariki, na kwamba nyumbani hawana picha yake nyingine ila ile ndogo iliyo kwenye kitambulisho chake cha kupigia kura. Alikuwa anaitaka picha yenyewe. Nilitafuta kwa siku mbili. Nilikuwa nimekwisha ifuta ili kupata nafasi ya picha nyingine. Nilipomwambia hivyo, hakukasirika. Aliniuliza tu: "Kaka, siku ile hukumwuliza hata jina?"

Sikumwuliza. Wala sikumwuliza aliyelala katika kaburi lile ni nani kwake. Yule mwalimu alijua tu kwamba babu yake alikuwa Msumbiji mwaka 1987. Mengine yote mzee ameondoka nayo, na mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza na kuandika, nilikuwa nimesimama hatua ishirini kutoka kwake.

Ndugu zangu, nimelisimulia jambo hili kwa sababu nina ombi kwenu. Ningependa walimu na watumishi wa mkoa huu wawe watu wa kujitolea ambao kila mwaka, wakongwe wetu wanapokwenda kuwazuru wenzao waliozikwa, watawapokea, watawaketisha, watawauliza majina, watawapiga picha, na kuhakikisha kwamba picha hizo zinafika mikononi mwa wenyewe. Ni kazi ndogo kwa kuitazama. Nitajaribu kueleza kwa nini naiona kuwa kubwa.

MLANGO WA KUSINI

Mto Ruvuma unamwaga maji yake baharini kusini ya mji huu, kupita katikati ya mikoko, na watu wa ng'ambo zake mbili ni jamaa. Wamakonde wako huku na kule. Wavuvi wa pande hizi wanajuana kwa majina. Kwa sababu hiyo vita vya Msumbiji havikuwa kamwe habari ya mbali kwa watu wa Mtwara.

Frelimo iliundwa Dar es Salaam Juni 25, 1962. Risasi za kwanza za vita vyake zilipigwa Chai, katika jimbo la Cabo Delgado, Septemba 25, 1964. Wapiganaji wake walifundishwa Kongwa na Nachingwea. Majeruhi waliletwa Mtwara, ambako chama hicho kilikuwa na hospitali yake. Wakimbizi walivuka mto wakiwa na watoto mgongoni. Maelfu walipewa mahali pa kuishi na kulima Rutamba, ambayo leo iko katika mkoa wa Lindi. Ndege za Wareno ziliingia katika anga yetu, na vijiji vya mpakani vikaonja mabomu ya ukoloni. Wapo wananchi waliobeba mizigo usiku, waliovusha watu kwa mitumbwi, na akina mama waliopika vyakula kwa watu wasiowajua. Mwezi wa Mei 1975 Samora Machel alivuka kutoka Tanzania kuanza safari yake ya kutoka Ruvuma hadi Maputo, na Juni 25 mwaka huo bendera ya Msumbiji huru ikapandishwa.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Utawala wa walowezi wa Rhodesia, na baadaye utawala wa makaburu wa Afrika Kusini, uliwapa silaha Renamo ili kuivunja nchi ile changa. Baada ya Rais Machel kufa katika ajali ya ndege huko Mbuzini, Oktoba 19, 1986, askari wetu walikwenda kuisaidia serikali ya Msumbiji, hasa katika jimbo la Zambezia. Walikuwa huko hadi mwaka 1988. Hawakwenda kutafuta ardhi wala almasi. Baadhi yao walirudi katika majeneza, nao ndio wanaolala Naliendele.

Sasa tupige hesabu, maana walimu mnapenda hesabu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964, wakati Jeshi la Wananchi lilipoundwa na vita vya Msumbiji vilipoanza, leo amevuka miaka 80. Aliyekuwa na miaka 20 wakati majeshi yetu yalipoingia Kampala, Aprili 11, 1979, amepita miaka 65. Hata aliyekuwa kijana Zambezia mwaka 1987 leo ni babu. Kila Julai tunapokutana, safu ya wazee inapungua. Hakuna azimio wala bajeti itakayoweza kumrudisha hata mmoja ili tumwulize tuliyosahau kumwuliza.

Na neno "mkongwe" lisitudanganye tukadhani kwamba tunazungumza juu ya wazee peke yao. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado imewaka moto tena. Mwezi wa Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa Ruvuma, kilishambuliwa. Kuanzia 2021 hadi 2024 askari wetu walikuwa miongoni mwa majeshi ya nchi za Kusini mwa Afrika yaliyopelekwa ng'ambo ya mto. Wapo vijana wa miaka thelathini ambao nao wana wenzao wa kuwakumbuka. Desturi tutakayoiweka leo kwa ajili ya babu zetu, kesho itawahudumia vijana hao.

ASKARI WA SHABA HANA JINA

Kila aliyefika Dar es Salaam anaijua Sanamu ya Askari. Ilisimamishwa na Waingereza mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana katika vita vya kwanza vya dunia. Ni sanamu nzuri. Askari ameinama mbele na bunduki yake kana kwamba bado anasonga. Lakini hana jina, na hakuna jina hata moja lililoandikwa chini yake.

Vita hivyo vilipita katika mkoa huu. Mikindani ilichukuliwa na Waingereza Septemba 1916. Mwezi wa Oktoba 1917 pakapiganwa vita vikali Mahiwa, nyuma ya Lindi, na Novemba 25 mwaka huo Lettow-Vorbeck na askari wake wakavuka Ruvuma huko Ngomano. Katika pande zote mbili risasi, unga na hata mizinga vilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, watu waliokamatwa vijijini, na ambao wengi wao waliuawa na njaa na maradhi kuliko risasi. Nani leo anayajua majina yao?

Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa juu ya jambo hili. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kulisema hilo hadharani, na waliokufa walikwisha kupotea. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu, ndugu zangu, wana thamani kuliko mali.

Mkoloni hakuandika majina yetu kwa sababu alituhesabu kama mizigo. Je, sisi tuna udhuru gani? Mimi si mkoloni, nimesoma mpaka Chuo Kikuu, nililelewa katika nchi huru. Hata hivyo niliandika chini ya picha ya raia mwenzangu maneno yale yale ambayo mkoloni angeyaandika: mmoja wa wazee. Hiyo ndiyo aibu inayonileta mbele yenu.

Tusisahau pia kwamba sehemu ya uhaba huu wa kumbukumbu ina sababu ya heshima. Frelimo ilijua mapema nguvu ya picha. Jarida lake la Mozambique Revolution, lililotolewa Dar es Salaam, liliionyesha dunia maisha ya maeneo yaliyokombolewa. Upande wetu mengi yalifanywa kimya, na ilikuwa sharti yafanywe kimya. Askari aliambiwa asiseme alikotoka, naye akatii, akaoa, akazeeka, akiwa bado anatii. Ukimya ule ulikuwa silaha wakati wa vita. Leo, kwa mambo ambayo si siri tena, ukimya huo huo unawanyang'anya watoto urithi wao.

Ipo kazi iliyokwisha fanywa. Marehemu Brigedia Hashim Mbita, aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kuvaa magwanda, na ambaye kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, aliongoza mradi wa nchi za Kusini mwa Afrika wa kukusanya historia ya ukombozi. Matunda yake yalitolewa mwaka 2014 katika juzuu tisa, zenye ushuhuda wa watu wengi. Ni hazina. Lakini hata juzuu tisini zisingeweza kumfikia kila mpiga makasia wa Kilambo na kila mjane wa Mahurunga. Hiyo ni kazi ya watu wa Mtwara wenyewe.

KAZI YENYEWE

Katika sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, Meya upinde na mishale, na mwakilishi wa askari wa zamani huweka shoka. Kila mmoja ana chake cha kuweka. Nami nauliza: mwalimu wa shule ya msingi na karani wa halmashauri waweke nini? Nasema waweke kalamu na picha.

Kwanza, mapokezi. Mzee anayetoka Kitaya, Nanyamba au Newala huamka usiku kutafuta gari. Julai wakulima wengi wako mashambani wakipulizia mikorosho dawa, na mzee anayeacha mikorosho yake siku hiyo ametoa kitu. Akifika, asikute watu wanaomwuliza ana kadi ya mwaliko au hana. Akute kiti, kivuli, maji ya kunywa, na kijana wa kumwambia: "Shikamoo mzee, karibu, tulikuwa tunakungoja." Huko Marekani mnara wa vita vya pili vya dunia ulifunguliwa mjini Washington mwaka 2004, miaka 59 baada ya vita kwisha, na wakongwe wengi walikuwa wazee mno au maskini mno kuweza kwenda kuuona. Mwaka 2005 marubani wa kujitolea wa jimbo la Ohio wakaanza kuwachukua bure kwa ndege zao ndogo, na wananchi wengine wakawa wanawapokea kwa makofi. Sisi hatuna ndege za kugawa. Lakini tuna mabasi, tuna bodaboda, na kumwamkia mzee hakuhitaji fedha za kigeni.

Pili, picha. Kabla ya kupiga, omba ruhusa. Mzee akikataa, mshukuru na umwache. Akikubali, mpige picha akiwa amesimama au ameketi kama anavyotaka yeye, medali zake zikionekana kama anazo, mjane akiwa na wanawe kama wapo. Usimpige akilia. Machozi yake ni yake. Tena tukumbuke kwamba makaburi ya askari si uwanja wa maonyesho. Utaratibu wote ufanywe kwa kibali cha jeshi na cha ofisi ya mkoa, na anayejitolea ajue mapema mahali anaporuhusiwa kuelekeza kamera na mahali asiporuhusiwa.

Tatu, jina. Picha isiyo na jina isihesabiwe kuwa imepigwa. Katika daftari, kwa mwandiko unaosomeka, yaandikwe majina matatu ya mzee, kijiji chake, alitumikia wapi na mwaka gani, na jina la yule anayemkumbuka siku hiyo. Yale tu anayopenda kuyasema yaandikwe. Anayotaka kunyamaza nayo, anyamaze nayo. Wananchi waliovusha watu mtoni na kina mama waliopika waandikwe vile vile, hata kama hawakuvaa magwanda.

Nne, na hili ndilo nililolivunja mimi: picha irudi kwa mwenyewe. Isafishwe kwenye karatasi, maana mjane wa kijijini hawezi kutundika simu ukutani. Nakala moja apewe mzee. Nyingine iwekwe pamoja na daftari katika maktaba ya mkoa au ya shule iliyo karibu na kwake, ili mwalimu anapofundisha juu ya ukombozi aweze kusema: mtu huyu anakaa nyuma ya msikiti wetu, nendeni mkamsalimie.

WAPO WATAKAOULIZA

Wapo watakaouliza: kwa nini kazi hii isifanywe na Serikali? Nawajibu kwamba ninyi mlioketi hapa ndio Serikali kama mwanakijiji anavyoijua. Yeye hakutani na Wizara. Anakutana na mwalimu, mganga, bwana shamba na mtendaji wa kata. Bodi ya mtihani haitapungukiwa na kitu mkitoa siku mbili kwa mwaka.

Wapo watakaouliza swali zito zaidi: picha inashibisha? Mzee ana shida ya matibabu, mwingine anafuatilia haki zake miaka na miaka, nasi tunamletea kamera? Swali hili ni la haki na lisipuuzwe. Picha haiwezi kuchukua nafasi ya dawa wala ya haki, na mtu yeyote atakayetumia picha za wazee kujipatia sifa huku shida zao zikibaki pale pale, atakuwa amewaibia mara ya pili. Lakini fikirini: ni nani atakayeijua shida ya mzee, kama si yule aliyeketi naye nusu saa akiandika jina lake? Mtumishi anayejua barua inapelekwa ofisi gani, na mwalimu anayejua kuiandika, wakikutana na mzee asiyejua yote mawili, hapo msaada umekwisha anza. Daftari la majina litatuonyesha pia nani hakuja mwaka huu, ili mtu atumwe kwenda kuuliza hali yake.

Na wapo watakaosema kwamba vijana wa leo watageuza jambo hili kuwa mchezo wa simu. Hatari hiyo ipo, na dawa yake ni mafunzo. Mtwara ina vyuo vya ualimu. Mwanachuo akifundishwa kwanza mzee huyu alifanya nini, kisha akapewa kamera, atajua namna ya kuishika.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza. Yule mwalimu aliyenijia na kipande cha gazeti yumo katika kazi hii tayari. Nilipomwambia ninakuja kuzungumza nanyi, alinituma nilete orodha. Kwa mkono wake, baada ya saa za kazi, ameandika wazee kumi na mmoja wa vijiji vya jirani na kwake ambao walikuwa vitani au waliwasaidia waliokuwa vitani. Watatu kati yao hawatembei tena. Orodha ninayo hapa mfukoni, na nitaiacha mezani kwa Katibu wenu pamoja na karatasi nyingine tupu ya kujiandikisha wenye kujitolea.

Jina la babu yake ameliandika la kwanza, juu kabisa, ingawa amekwisha fariki. Nilimwuliza kwa nini. Akasema daftari lazima lianze na yule tuliyemkosa.